Unalipa Kama Mtu Anayeondoka Kesho

Siku yangu ya tatu Iringa niliingia Soko Kuu kutafuta leso. Baridi ya asubuhi ilikuwa imenikuta na dera na kikoti chepesi cha kuzugia, na kwetu Mombasa mtu akishikwa na baridi, akiumwa, akipika au akienda msibani, dawa ni leso: moja kiunoni, nyingine mabegani. Nikamwambia kijana wa dukani, "Nipe leso, ile nzito nzito." Akafungua kiboksi, akanitandazia vitambaa vya kufutia kamasi.

"Ya kike au ya kiume?"

Nikaanza kujieleza. Leso, ile yenye pindo na mji na jina. "Aaa, kanga!" akasema, na wateja wawili wakacheka, wala si kwa ubaya. Mama mmoja aliyekuwa akichagua vitenge akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Mombasa. "Nilijua," akasema, macho bado kwenye vitenge vyake. "Umesema 'nipe'."

Mimi nimelelewa Kisauni. Kiswahili hatukukisoma, tulikikuta nyumbani kinatungoja. Wenzangu wawili wa mwaka wa tatu waliopata nafasi ya kusoma muhula mmoja Ulaya waliitiwa semina, wakapewa vijitabu, wakaambiwa habari za upweke na za theluji. Mimi niliyepangiwa Tanzania niliambiwa tu, "Wewe si unakwenda kwa jirani." Nikaamini. Nikavuka Horohoro mwezi Machi na kiburi changu chote cha Kimvita, nikiwa na sanduku moja, sufuria namba mbili ya mama, na imani kwamba kama kuna mtu atakayekosolewa Kiswahili huko, basi hatakuwa mimi.

Kwa upande wa karatasi sina malalamiko. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imetulegezea mambo mengi sisi tunaovuka mipaka kwenda kusoma. Ila itifaki haisemi lolote kuhusu neno "nipe".

Ukitaka kujua unahama nchi, panda basi la Iringa mchana. Unapita Mikumi, ambako barabara kuu inakata katikati ya hifadhi na abiria waliozoea wanawatazama twiga kama watu wa Lamu wanavyotazama punda. Kisha joto la bonde la mibuyu, Ruaha ikiwa kando, halafu gari linaanza kupanda Kitonga. Kwenye kona zile malori ya Tunduma yanakwenda mwendo wa kobe na nyani wamekaa ukingoni kama wakaguzi wa leseni. Tulipofika juu, mzee wa kiti cha mbele alitoa koti kwenye mfuko akalivaa bila kusema kitu. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mimi nimetoka mahali ambapo usawa wa bahari ndio mtaa wetu.

Chumba cha hosteli nilichoahidiwa hakikuwepo. Barua yangu ilikuwa imefika kwenye meza ya mtu aliye likizo, na nitaiachia hapo, maana chuo chenyewe kilinifaa kwa mengine. Nikafikiria kupanga mtaani. Kila mwenye nyumba niliyemwona alitaka kodi ya miezi sita mkupuo, na mimi sikuwa na miezi sita, si mfukoni wala kwenye kalenda. Ndipo CR, yaani kiongozi wa darasa letu, kijana wa Kihehe mpole wa kuzaliwa, akaniambia, "Usijali. Kuna dada wa Songea kapanga geto Kihesa. Atakubeba."

Nikatazama sanduku langu. Nikamwambia asante, lakini si zito, nitalibeba mwenyewe.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe kubebwa, kwa lugha ya vyuo vya Tanzania, ni kupewa nusu ya kitanda cha mtu. Lilianzia hosteli, ambako vitanda ni vichache kuliko wanafunzi: mwenye kitanda anambeba asiye nacho, wanalala mzungu wa nne, maisha yanaendelea. Sikuwahi kulisikia hilo neno kwa maana hiyo, mimi mwenye lugha.

Huyo dada Kihesa nzima ilimwita Mngoni, na aliitika, kwa hiyo na hapa atabaki Mngoni. Alifungua mlango na mikono yenye povu, akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala, akasema, "Wewe utalala ukutani. Mimi huamka usiku." Kitanda kilikuwa cha futi tatu na nusu. Usiku ule wa kwanza nililala kama mtu aliyewekwa kwenye jeneza, nikiogopa kumgusa. Saa tisa baridi ikanishinda nikasogea. Naye, usingizini, akanivutia blanketi.

Sasa niseme kosa langu.

Wiki ilipoisha nilikaa na daftari nikapiga hesabu: Luku ya umeme, mkaa, maji, unga, mafuta, nusu ya kodi. Shilingi ya kwetu moja ilikuwa inakaribia 20 za kwao, kwa hiyo sikuumia sana. Nikamtumia 35,000 kwa simu, pamoja na ya kutolea, nikiwa nimekaa kitandani na yeye yuko kibarazani anasonga ugali. Simu yake ikalia. Akaisoma. Akaweka mwiko juu ya sufuria, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kisivunjike.

"Hii ya nini?"

Nikamsomea orodha. Nilikuwa nimeandika mpaka kiberiti.

Alisikiliza yote. Halafu akasema, "Mwenzangu, unalipa kama mtu anayeondoka kesho."

Tulikula kimya. Pesa hakuirudisha, na ninamshukuru, maana kurudisha kungekuwa ugomvi. Jumamosi alinunua mchele wa Mbarali na kilo mbili za nyama, akaita watu sita ambao sikuwajua, wakala, wakanishukuru mimi. Katika hao sita, wanne ndio watu ninaoongea nao mpaka leo.

Kinachoniudhi ni kwamba nilikuwa najua. Kisauni bakuli la jirani halirudishwi tupu. Shangazi yangu akiletewa mbaazi leo, kesho bakuli linarudi na mahamri, keshokutwa linarudi tena na kitu kingine, na bakuli lenyewe hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani. Nimekulia ndani ya hesabu hiyo isiyofungwa. Lakini ugenini niliogopa kuonekana mzigo, nikageuka mteja. Nililipa kila kitu palepale, nikabaki msafi, na mtu msafi hana anayemtafuta.

Hilo la kutafutwa nilifundishwa na mama wa genge. Genge lake lilikuwa kwenye kona ya kwenda kwetu: nyanya za Ilula zimepangwa mafungu, chainizi, vitunguu, parachichi moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Nilikuwa nimeshajifunza. "Shikamoo mama. Naomba nyanya za mia tano." Na hapa nisimame kidogo kwenye hili "naomba", kwa sababu Wakenya tunalicheka sana, kwamba Mtanzania anaomba hata anachokinunua. Na mimi nililicheka. Nililitumia mwanzoni kama mtu anavyovaa mavazi ya sherehe, ili nisikosee. Baadaye nikaona kwamba "nipe" humaliza jambo na "naomba" hulianzisha. Ukiomba, mwenzako ana nafasi ya kukujibu, na watu wa Iringa wakipewa nafasi hiyo hujibu kwa urefu: umeamkaje, wa kwenu hawajambo, hilo sweta umelipata wapi, mbona jepesi.

Jioni moja sikuwa na chenji. "Chukua mwanangu, utaleta," akasema. Nikachukua, nikafika geto, nikapata sarafu, nikarudi gizani kumpelekea. Dakika kumi kwenda, kumi kurudi. Alizipokea kwa uso wa mtu aliyeletewa barua isiyo yake.

Mara ya pili, baada ya maneno ya Mngoni, nilijilazimisha. Nikabaki na deni la mia tatu. Usiku nililiwaza kama mtu mwenye jino bovu. Kesho yake nikawa na testi, nikapitia njia nyingine, na kesho yake tena. Siku ya tatu nasikia kutoka ng'ambo ya barabara, mbele ya bodaboda wote wa kijiwe: "Wewe Mkenya! Umenikimbia na mia tatu yangu? Au unaumwa?"

Nilikuwa na karibu mwezi mzima Iringa. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza nilikuwa wapi.

Chuoni nilichelewa zaidi. Vipindi vilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha kusema, tusidanganyane, sisi Wakenya tunacho mdomoni zaidi. Kundi letu lilinipa kazi ya kuwasilisha mbele ya darasa, nikafurahi, nikadhani nimependwa. Siku moja kwenye kimbweta, zile meza za zege chini ya miti ambako wanafunzi wa huku husomea, kijana mmoja alisoma sentensi aliyoiandika, nami nikamsahihisha. Mara moja. Halafu ya pili. Nilimsahihisha vizuri kabisa, na kwa sauti. Wiki iliyofuata kundi lilihamia kimbweta kingine na ujumbe ulinifikia wamekwisha kutawanyika.

Dawa yake ilikuwa kukwama. Kulikuwa na somo la takwimu lililonishinda kuanzia ukurasa wa kwanza, na UE, mitihani ya mwisho wa muhula, ilikuwa inakaribia. Nikaenda pale kwenye kimbweta kipya, nikasimama kama mwombaji, nikamwambia yule yule niliyemsahihisha, "Kaka, naomba desa," ndivyo wanavyoziita notsi, "na ukiweza, naomba unieleweshe, sijaambulia kitu." Kimbweta kizima kikaitikia, "Mkenya anaomba!" Wakanisogezea nafasi. Alinifundisha jioni tatu. Ana kipaji cha kueleza, na alipokuwa akieleza kwa Kiswahili sikuona kosa hata moja la kusahihisha.

Mtu akiniuliza nilichokipenda zaidi kule, watu hutarajia niseme mandhari. Mandhari ni mazuri. Gangilonga, lile jiwe juu ya mji ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, ukikaa pale jua likizama unaona mabati yote ya mji yanawaka. Nenda, usiende peke yako. Lakini mimi nitasema utani.

Kwetu tuna mizaha, ila utani wa makabila kwa maana ile ya kule sikuwahi kuuona kwa macho. CR alikuja geto Jumapili, Mngoni akamwekea ugali na vipande viwili vya nyama. CR akanawa. Kabla hajamega, Mngoni akanyoosha mkono, akachukua vipande vyote viwili akavitia mdomoni, akasema, "Mhehe anajua nini habari ya nyama." Mimi nikakaza macho sakafuni nikingoja vita. CR akamalizia ugali kwa mchuzi, akasema chakula cha Wangoni hakijawahi kuwa kitamu ila njaa haina adabu. Kumbe babu zao walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870, na kilichobaki ni hiki: ruhusa ya kutukanana bila kukasirika, na ulazima wa kufaana. Mtani wako ndiye anayekudhalilisha mezani, na ndiye huyo huyo atakayekuja msibani kwako.

Nikauliza, mimi mtani wangu nani? Wakalijadili kama Bunge. CR akatoa hukumu kwamba Mkenya ni mtani wa nchi nzima, na kesi ya kwanza ni kwamba turudishe Mlima Kilimanjaro tunaowaambia watalii ni wetu. Tangu siku ile sikupita kijiweni bila kuulizwa mlima uko wapi. Nikawa najibu nimeuficha Kisauni, nyuma ya choo. Ukiona unatukanwa kila asubuhi na watu wanaokuchekea, ujue umeshahamia.

Aprili tulikwenda Kalenga, sisi watatu, kama kilomita 15 kutoka mjini kwa njia ya Hifadhi ya Ruaha. Pale ndipo palipokuwa ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, na kuna makumbusho madogo, na ndani yake, kwenye kabati la kioo, fuvu. Darasani kwetu Kenya Mkwawa alikuwa aya moja. Alivipiga vikosi vya Wajerumani Lugalo mwaka 1891 na kumuua kamanda wao, Zelewski. Ngome yake ikavunjwa 1894, akapigana porini miaka minne zaidi, na mwaka 1898 akajiua kuliko kukamatwa. Kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mngoni, mwenye mzaha kwa kila kitu cha Wahehe, mle ndani hakufungua mdomo, na alipotoka alikuwa amejifunga kanga yake vizuri kama anatoka kuzika.

CR ndiye aliyevunja kimya. Alituambia kwamba Mkataba wa Versailles wa 1919, ule uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, una kifungu kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Likarudi 1954, gavana Twining akamkabidhi mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi, aliyekuja baadaye kuwa Spika wa Bunge. Akanigeukia. "Waliopewa miezi sita hao. Na wewe unatembea gizani kurudisha mia tano ya nyanya."

Mngoni alishamsimulia. Bila shaka alishamsimulia kila mtu.

Mwishoni mwa Mei mama mkwe wa mama wa genge akafariki, kijijini njia ya Kilolo. Nilitayarisha bahasha ya rambirambi na kumpa Mngoni ampelekee. Aliitazama bahasha kwa jicho lile lile la ile 35,000. Sikungoja aseme. Nikavaa sweta lake la bluu, lile zito la mtumba lenye mfuko mmoja uliotoboka, nikajibana kwenye gari la Noah na akina mama tisa.

Baridi ya Kilolo usiku ni jambo jingine. Wanaume walikuwa wameota moto upande wa pili, na ulanzi wa mwisho mwisho wa msimu, ule utomvu wa mianzi unaokingwa asubuhi na jioni. Ulinipita, mimi si mtu wa vileo. Huku kwetu wanawake ilikuwa kazi. Mama wa genge aliponiona hakushangaa wala hakulia upya. Alisema, "Umekuja," akanipa kisu, akanionyesha gunia la viazi. Nilimenya viazi mpaka vidole havikuhisi kisu. Mwanamke niliyekaa naye aliniuliza mimi wa ukoo gani, kabla sijajibu mama wa genge akasema akiwa amebeba beseni, "Huyu? Huyu mdeni wangu wa Mombasa." Hakuna aliyeuliza zaidi. Ilionekana inatosha.

Asubuhi, kaburi likiwa halijamalizika, mzee mmoja wa Kingoni alikwenda akakaa juu ya jembe. Akasema jembe limechoka na yeye amechoka na marehemu alikuwa anamdai ugomvi, hatainuka bila elfu mbili. Watoto wa marehemu, macho mekundu, wakaanza kuchangishana sarafu huku wanacheka na machozi yanashuka. Sijui kueleza vizuri nilichokiona pale. Mzee alipopata elfu yake moja na mia nne akainuka, akachukua jembe lile lile, akachimba kuliko vijana.

Juni na nusu ya Julai zilipita kwa mitihani na baridi. Nilipika mahamri na mbaazi siku moja, nazi nilizitafuta nusu siku na bei yake sitaitaja mama asije akaisoma. Wote wakala wakasema ni maandazi mazuri. Nikakubali. Maandazi.

Siku ya kuondoka nilipita gengeni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nilikuwa nadaiwa elfu moja na mia mbili, na nilikuwa nayo mkononi, sawasawa. Mama alikuwa ndiyo anapanga mafungu. Aliiangalia ile noti na zile sarafu, akanifunga vidole juu yake. "Sina chenji," akasema. Hapakuwa na chenji ya kudaiwa na wote wawili tulijua. Mngoni alinisindikiza mpaka stendi ya Igumbilo, akamtukana kondakta kwa niaba yangu kuhusu nauli ya sanduku, akaondoka bila kungoja gari liondoke, kwa sababu ana kipindi, alisema, ingawa ilikuwa likizo.

Tulipoteremka Kitonga joto likaanza kurudi. Nikavua sweta na ndipo nilipoliona vizuri: la bluu, mfuko umetoboka. Nikamwandikia, "Nimeondoka na sweta lako."

Akajibu kabla hatujafika Ruaha Mbuyuni. "Najua. Na mimi nina sufuria ya mama yako."

Basi likasimama. Wauza vitunguu wakatuzingira, kila mmoja amenyanyua ndoo yake hadi kwenye kioo. Nikafungua dirisha, nikamwita mmoja.

"Habari za asubuhi kaka. Naomba vya elfu moja na mia mbili."